Kabla hujaacha kompyuta ukaifuata kazi ya maziko

Vijana wanaoandika programu huniuliza nilivyotoka ofisini Nairobi nikarudi Lamu kushughulika na maiti. Wengi wamechoka tu, nami huwaambia uchovu hautoshi. Ukichoka na kompyuta, pumzika. Kazi hii ifuate ukiwa unaipenda huduma yenyewe, maana simu ya msiba hulia hata saa nane za usiku na haingoji Jumatatu.

La pili ni riziki, na hapa wengi hawafikirii. Kuosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya: wachache wakiitekeleza, wengine wote wameondokewa na dhima. Mtajie mfiwa wa mitaa yetu ya Langoni au Mkomani bei ya kumuosha babake, hutaitwa tena, na ni haki wasikuite. Mimi silipwi kwa kuosha. Nauza sanda, pamba, karafuu maiti na udi. Nasimamia usafiri wa maiti wanaoletwa kutoka Mombasa. Na bado naandika programu za hesabu za maduka. Usafiri una gharama zake halali: gari mpaka Mokowe, boti mpaka gatini Lamu, kisha mabega ya watu, kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari. Bei yote itaje kabla gari halijaondoka Mombasa, na umwambie mmoja katika jamaa, yule aliyetulia. Kwa hiyo kompyuta usiiuze. Jua mapema kipi unakifanya kwa ajili ya Mungu na kipi kinakulisha.

Kuosha hakusomwi kitabuni kukatosha. Mwombe mzee anayejua akuache umshikie ndoo. Aliyenifundisha alikuwa akilijaribu kila kopo la maji kwa kiganja kabla ya kumimina, na siku moja alinizuia mkono: "Taratibu, mwanangu, huyu hatokwambia mai yana moto." Utaona tumbo linavyokamwa polepole ili uchafu utoke, huku kitambaa kimefunika kutoka kitovu mpaka magoti. Baada ya kumtawadhisha, huoshwa kwa maji ya majani ya mkunazi, ubavu wa kulia kwanza, na mwisho humiminiwa maji yenye karafuu maiti. Mwanamume husitiriwa kwa shuka 3, mwanamke kwa vipande 5. Wanawake huoshwa na wanawake, nao waoshaji wa kike hutafutwa sana. Dada anayeandika programu asidhani kazi hii si yake.

Ulichoona mwilini, kovu au ugonjwa, hakitoki chumbani. Hata mkeo usimwambie.

Kuna upande wa karatasi, ambako uzoefu wako utafaa sana. Aliyefia hospitali huandikiwa taarifa ya kifo hapo hapo. Aliyefia nyumbani, taarifa yake hupitia kwa naibu wa chifu, ndipo kipatikane kibali cha kuzika. Kifo chenye utata, polisi wapashwe kabla hamjagusa maji, hata jamaa wakihimiza azikwe kabla ya magharibi. Jina lilinganishe na kitambulisho herufi kwa herufi. Umezoea kusaka herufi moja iliyoharibu programu nzima. Hapa herufi hiyo itawasumbua warithi mbele ya kadhi, mjane akiwa bado yumo edani.

Watoto wachanga ndio wananielemea mpaka leo. Sanda yao ni ndogo mno. Nikitoka makaburini siku hizo sifungui kompyuta. Nakwenda kukaa na wenzangu tulioosha pamoja, tunywe kahawa. Usiifanye kazi hii peke yako.

Mwisho, nenda hospitali ukachanjwe homa ya ini aina ya B. Dozi ni 3 na kwa kawaida humalizika ndani ya miezi 6, basi anza sasa, ungali na mshahara wa ofisini. Glavu nunua za kwako, boksi zima, kwa sababu nyumba yenye msiba haikumbuki glavu.