Kabla hujakata kitabu kilichotupwa na maktaba ili kufanya sanaa

Maktaba inapoondoa vitabu rafuni huangalia kama kitabu kimechakaa, kama taarifa zake zimepitwa na wakati, na kama kimekaa miaka mingi bila kuazimwa. Kigezo hiki cha mwisho ndicho kinachoiumiza zaidi historia ya wanawake, kwa sababu kitabu kinachomtaja Mkomanile, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa Songea mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, hakiwezi kushindana na vitabu vya mitihani. Isitoshe, katika mpangilio wa Dewey, ambao hupanga vitabu vya maktaba kwa namba kufuatana na mada, vitabu kuhusu wanawake mara nyingi huwekwa kwenye 305.4, mbali na historia ya Tanzania iliyoko 967.8, hivyo vikiondolewa, rafu ya historia hubaki imejaa na pengo halionekani.

Ninafanya sanaa ya nguo na ufumaji hapa Iringa, na vitabu vya namna hiyo nilivipata kwenye maboksi ya maktaba moja, vikisubiri kuuzwa kwa kilo kwa wanaofungia maandazi. Ushauri wangu wa kwanza kwa msanii mwenzangu ni huu: visome, vipige picha, andika orodha yake, na uulize kama kuna nakala nyingine mkoani kabla ya kugusa mkasi. Anayekata nakala ya pekee ili apate mchoro mzuri anamalizia kazi ya kutupa iliyoanzwa na wengine, na hilo silikubali hata kidogo. Tumia fotokopi.

Mimi nilichagua simulizi ya Narwimba, mwanamke aliyepitia utekwaji na utumwa mwishoni mwa karne ya 19, ambayo iliandikwa na mmisionari wa Kanisa la Moravian, Elise Kootz-Kretschmer, aliyefanya kazi kusini magharibi mwa Tanganyika. Nilidarizi sehemu zake kwenye kitambaa cheupe, kisha nikafuma kapu la milulu, aina ya nyasi za kufumia, na kuzungushia nakala za zile karatasi za tarehe za kuazima, ambazo nyingi zilikuwa tupu. Karatasi hizo ndizo zilizowasimamisha watu kuliko darizi.

Omba kuonyesha kazi hiyo maktabani kwenyewe, na zungumza na mkutubi kwa heshima, kwani mara nyingi yeye hutekeleza agizo tu huku nafasi ikimbana. Vitabu vyenyewe viendelee kusomwa. Vyangu viko kwenye kabati la kikundi cha akina mama wafumaji, na anayetaka kuazima huandikisha jina.