Nimehamishiwa Dodoma: nipange Area C au Nzuguni?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mtumishi wa umma, nimepata uhamisho kutoka Iringa kwenda Dodoma, na ofisi yangu itakuwa katika Mji wa Serikali, Mtumba. Natafuta chumba na sebule chenye choo cha ndani. Dalali amenitumia picha za nyumba mbili: moja ipo Area C kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, nyingine Nzuguni kwa shilingi 130,000. Zote zinadai kodi ya miezi sita pamoja na kodi ya mwezi mmoja kwa ajili ya dalali, naye ananihimiza nitume malipo ya awali ili nisije nikapokonywa. Nichukue ipi? – Msomaji, Iringa.

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na hizo fedha za awali: usizitume. Kauli kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani ni ya zamani katika udalali, na picha ya nyumba haimtambulishi mwenye nyumba. Omba ruhusa ya siku mbili, fikia nyumba ya wageni, kisha ukaone mwenyewe.

Kwa hesabu za dalali wako, kuingia Area C kutakugharimu shilingi 1,400,000 na Nzuguni shilingi 910,000, nawe bado hujanunua hata pazia. Zaidi ya hapo, Mtumba ipo mashariki ya mji, kwenye barabara iendayo Dar es Salaam, na Nzuguni ipo upande huohuo, kwa hiyo anayeishi huko hupunguza kodi na safari ya kila siku kwa pamoja. Area C ina faida ya kuwa karibu na katikati ya mji, faida ambayo wewe unayeshinda Mtumba utaionja mwisho wa wiki tu. Kwa maoni yangu Nzuguni inakufaa zaidi, na ukiwa huko uliza pia Ihumwa, iliyo karibu zaidi na ofisi yako.

Hata hivyo, unafuu wa kodi unaweza kumezwa na maji. Dodoma ni nchi kame, na kwa muda mrefu imetegemea zaidi visima virefu vya Mzakwe, kwa hiyo mgao si jambo geni. Swali la maji usimwulize dalali, bali mpangaji wa nyumba ya jirani: yanatoka siku zipi, na yasipotoka ndoo inauzwa kiasi gani? Nyumba ya shilingi 130,000 isiyo na simtanki inaweza kukugharimu zaidi ya ile ya 150,000 iliyo nalo. Uliza vilevile kama utakuwa na mita yako ya luku, kwa maana umeme wa kuchangia huleta ugomvi hata kati ya watu waungwana.

Kuhusu miezi sita, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na kiwango pamoja na muda wa malipo vimebaki kuwa makubaliano ya pande mbili. Wenye nyumba wengi hutaka fedha za mkupuo kwa sababu kodi ndiyo mtaji wa kumalizia ujenzi: uzio, vigae, au chumba cha pili uani. Ukimkuta wa namna hiyo, nawe una miezi sita mkononi, mwombe akupunguzie kodi. Ukiwa huna, tafuta mwenye nyumba iliyokwisha kukamilika, hasa mstaafu anayehitaji kipato cha mara kwa mara, kwa kuwa huyo hukubali miezi mitatu kwa urahisi zaidi.

Kabla ya kulipa, pita ofisi ya serikali ya mtaa uthibitishe kwamba unayezungumza naye ndiye mmiliki. Lipa kwa benki au kwa simu, ukihakikisha jina linalotokea kabla hujaingiza namba ya siri ni lile lililo kwenye mkataba. Mkataba uwe na nakala mbili na mashahidi, nao utaje notisi ya kuhama, nani anatengeneza kinachoharibika, na lini kodi inaweza kupanda. Ada ya dalali jaribu kuishusha, kwani hupatanika, na umlipe siku unayokabidhiwa ufunguo.