Bajeti dola 114,000, mauzo dola milioni 30: hela ya Night of the Living Dead iliishia wapi?

Wakuu, mleta mada kauliza swali la maana halafu mmemjazia utani kurasa mbili. Nalirudia kwa wanaoingia sasa. Night of the Living Dead, ile sinema ya mazombi ya mwaka 1968, ilitengenezwa kwa dola 114,000 hivi, na inatajwa kuwa iliuza tiketi za dola milioni 30: milioni 12 Marekani kwenyewe na milioni 18 nje. Sasa anauliza, mbona mwongozaji wake George Romero na wenzake hawakuwa matajiri wa kutupwa? Na je, mtu wa Bongo mwenye shilingi milioni kumi zake anaweza kupita njia hiyohiyo?

Mimi nilitengeneza filamu moja mwaka 2010 na nikaiuza. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, kwa hiyo mnivumilie nikiwa mrefu.

Kwanza, hiyo bajeti. Msidhani kuna mtu alikaa na dola 114,000 mfukoni. Walikuwa vijana wa Pittsburgh, Marekani, wenye kikampuni cha kutengeneza matangazo ya biashara. Wakakusanyana watu kumi, kila mmoja akatoa dola 600, ikapatikana 6,000, na kampuni ya filamu wakaiita Image Ten. Ilipoonekana haitoshi, wakaongeza wanahisa mpaka wakafika hapo. Mwanahisa mwenyewe ndiye mwigizaji, ndiye fundi. Karl Hardman, yule baba mbishi anayeng'ang'ania kujificha chumba cha chini, alikuwa mtayarishaji. Marilyn Eastman, aliyecheza mkewe, alishika pia vipodozi. Kaka anayemtania dada yake makaburini mwanzoni kabisa ni Russell Streiner, naye mtayarishaji. Kulikuwa na mwekezaji mwenye bucha, huyo ndiye aliyeleta nyama na matumbo yale mazombi wanayotafuna. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, na kwa kuwa filamu ni nyeusi na nyeupe, nani angejua?

Sisi tulipiga picha Kigamboni siku tisa, kwa rangi, kwa hiyo chokoleti isingekubali. Tukachemsha rosela na sukari nyingi ishike. Ilishika kweli. Steringi wetu alitakiwa alale maiti dakika nzima chini ya mwembe, nzi wakamjaa mpaka puani, akapiga chafya. Tulirudia mara kumi na moja, na shati jeupe la kubadilisha hatukuwa nalo, tukawa tunalifua na kulianika juu ya boneti ya gari. Maiki ilifungwa kwenye mpini wa fagio. Kamera ya mpiga video wa harusi, jumatatu hadi alhamisi tu kwa sababu wikiendi ana sherehe. Nyumba ya shangazi. Waigizaji karibu wote niliwaambia "ikitoka tutaonana".

Nikiulizwa bajeti nasema shilingi milioni saba. Hapo nimehesabu chakula cha mama ntilie, mafuta ya jenereta, nauli na uhariri. Nyumba sijaihesabu, kamera nilipewa kwa nusu bei, na zile "tutaonana" zote ni deni ambalo halikuandikwa popote. Kwa hiyo ukisoma kwamba filamu fulani imetengenezwa kwa hela kiduchu, ujue mara nyingi hiyo ni hela iliyotoka taslimu. Gharama nyingine ipo, imebebwa na watu. Tofauti ya wale wa Pittsburgh na mimi ni kwamba wao jasho la watu waliliandika kuwa hisa. Mimi niliacha mdomoni.

Sasa mauzo. Ile milioni 30 ni hela iliyopita dirishani kwenye kumbi, tena kwa kipindi kirefu, si wiki mbili tatu. Mwenye ukumbi anakata chake, na kwa kawaida hicho chake ni kikubwa, karibu nusu. Kinachobaki kinakwenda kwa msambazaji, naye kabla hajakupa anaondoa gharama za kuchapisha kopi za filamu na matangazo, halafu asilimia yake. Mtengenezaji ni wa mwisho kwenye foleni, kama mtoto wa kambo kwenye sinia la pilau. Kwa hiyo kuchukua 30,000,000 ukatoa 114,000 halafu ukasema "faida", kama alivyofanya mdau mmoja ukurasa wa kwanza, hiyo hesabu haipo duniani.

Sisemi hawakupata kitu. Ila kilichowamaliza hasa hakikuwa asilimia. Lilikuwa jina.

Filamu ilipokamilika walizunguka nayo. Kampuni moja ya Hollywood ilitaka mwisho ubadilishwe, watu wapone na mapenzi yawepo, wakakataa. Wakaishia kwa Walter Reade Organization ya New York, waliokubali kuitoa bila kukata kitu. Wakati huo filamu inaitwa Night of the Flesh Eaters. Tayari kulikuwa na filamu nyingine yenye jina linalokaribiana, ikabidi libadilishwe. Msambazaji akatengeneza kipande kipya cha mwanzo chenye jina jipya. Lile tamko la hakimiliki, ile alama ya C ndani ya duara, mwaka na mwenye mali, lilikuwa limeandikwa kwenye kipande cha zamani, palepale penye jina. Kipande kikatolewa, tamko likaondoka nacho. Hakuna aliyelirudisha.

Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, ukiitoa kazi hadharani bila tamko, umeigawa. Basi. Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza Pittsburgh, 1 Oktoba 1968, tayari ilikuwa mali ya kila mtu. Yeyote mwenye kopi angeweza kuionyesha, kuirusha kwenye runinga, na baadaye kuichapa kanda na DVD, asimlipe Romero hata senti. Na walifanya hivyo! Makampuni kwa makumi yameiuza kwa makava ya kila namna. Image Ten walimshtaki msambazaji, lakini kampuni yake ikafilisika, na deni la mfilisika mnalijua wenyewe.

Hapa ndipo pananichanganya mpaka leo. Huohuo ubure ndio ulioifanya iwe ilivyo. Stesheni yoyote ya runinga yenye saa tupu usiku wa manane iliweza kuiweka bila kulipa, kumbi zikaionyesha usiku, kizazi baada ya kizazi kikaiona. Neno zombi lenyewe halitamkwi humo ndani hata mara moja, lakini zombi mnayemjua ninyi, yule wa kuburuza miguu na kula watu, ametoka hapo. Mwaka 1999 ikaingizwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 1990 wenyewe walijaribu kuirudia upya, safari hii na hakimiliki mkononi, Romero akiandika na Tom Savini akiongoza. Bajeti karibu dola milioni 4.2, tiketi karibu milioni 5.8. Kwa hesabu ya kumbi niliyowapa hapo juu, mnaona wenyewe ilikoishia.

Yangu nayo. Mwaka huo 2010 kila mtu alikuwa anapeleka masta, yaani kopi mama ya filamu, Kariakoo. Nikamwendea msambazaji mmoja, jina halina haja, akaangalia dakika tano akisogeza mbele, akasema milioni tisa. Mimi nina deni la milioni saba, nasikia tisa, unadhani nilisoma? Karatasi moja, mistari sita: "nimeuza haki zote za filamu tajwa". Sahihi, muhuri, hela kwenye bahasha ya kaki. Nilijiona mjanja, milioni mbili juu.

Miaka miwili baadaye niko kwenye basi la Mwanza. Tumepita Singida, konda anaweka DVD, moja ya zile zenye filamu kumi ndani. Inaanza moja, naona mwembe wa shangazi. Jina limebadilishwa, kava limebadilishwa, sehemu ya majina imekatwa yote. Kisha ikaja sehemu ya msiba, na mama yangu mzazi amekaa mkekani na khanga kichwani, maana waombolezaji tulikusanya ndugu. Jirani yangu kwenye siti akasema, "Huyu mama analia vizuri." Nikamwambia ndiyo, analia vizuri. Sikuongeza kitu.

Kwa hiyo mleta mada, swali lako la pili. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 ni nafuu kuliko ile iliyowaumiza wale: kazi inalindwa tangu inapoundwa, hata usipoweka tamko, na Marekani nao waliacha sharti hilo mwaka 1989. Kwa hiyo kipande cha jina kikikatwa huku kwetu hupotezi mali. Unaipoteza kwa kalamu. Usiuze "haki zote". Uza kwa muda, miaka mitatu au mitano, taja njia moja moja: DVD peke yake, runinga peke yake, mtandaoni peke yake, na nchi. Andika kwamba jina na sehemu ya majina haviguswi bila idhini yako. Peleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukasajili ili siku ya ugomvi uwe na karatasi. Na wale wa "tutaonana", waandikie asilimia, hata nusu asilimia, wasaini na wewe usaini.

Milioni kumi inatosha? Inatosha, kama una ndugu wengi na shangazi mwenye nyumba. Yule mdau mwenye mswada wa mazombi wa Kisarawe anitumie ujumbe wa faragha (PM), rosela nitamfundisha namna ya kuiweka isivute nzi. Tuligundua siku ya nane.