Muulize Nesi: Asali na ndimu viacheni jikoni

Barua tatu za safari hii zimenijia kwa nyakati tofauti, lakini zote zinauliza jambo moja: fangasi ya kinywani, na dawa za nyumbani zinazosemekana kuiondoa. Nimeziweka pamoja.

*Assalaam aleikum Bi Nesi, na shikamoo. Nina mtoto wangu wa kwanza, ana wiki tano. Tangu juzi ulimi wake umekuwa mweupe, na ndani ya mashavu kuna mabaka kama maziwa yaliyoganda. Ananyonya kidogo, kisha anaachia titi na kulia. Mamamkwe anataka nimpanguse kwa asali. Jirani anasema ndimu na chumvi. Shangazi ameniletea majani ya mkilifi nichemshe nimpe. Mimi mwenyewe chuchu zinaniwasha, na akimaliza kunyonya nasikia maumivu ya kuchoma ndani ya titi. Nifuate lipi?*
*Mama Kifungua Mimba, Kisauni*

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Hongera kwa mtoto, na pole kwa maumivu.

Kwanza hakikisha ni kitu gani. Ngoja mtoto akae kama saa moja bila kunyonya. Nawa mikono, zungushia kidole kitambaa safi cha pamba kilicholowa maji yaliyochemshwa yakapoa, washa tochi ya simu kwa pembeni isimpige machoni, kisha panguza ulimi polepole mara moja tu. Ukiwa ni utando wa maziwa utatoka bila taabu na chini utaona ulimi wa waridi kama kawaida. Ikiwa ni fangasi, mabaka yanang'ang'ania, na likitoka moja unaona pekundu, pengine na tone la damu. Ukiliona hilo, acha. Usikwangue. Nimepokea kliniki watoto waliokwanguliwa kwa kitambaa na chumvi mpaka kinywa kizima kikawa kidonda, na mtoto wa hivyo hanyonyi tena, halafu tunaanza kuhangaika na upungufu wa maji mwilini kwa jambo lililoanza dogo.

Kwa maelezo yako, mabaka yako mashavuni na wewe mwenyewe unaungua titi, kwa hiyo nadhani ni fangasi, na imewapata nyote wawili. Inaitwa kandida. Huishi kinywani na tumboni mwa watu wengi wazima bila kuwadhuru. Mtoto huweza kuipata wakati wa kuzaliwa, na kwa kuwa kinga yake bado changa, inapata nafasi ya kuenea. Haina maana kwamba wewe ni mchafu. Asikuambie mtu hivyo.

Sasa hizo dawa ulizoletewa. Asali naikataa kabisa, hata ya kuonjeshwa kwenye ncha ya kidole. Najua ina heshima yake kwetu, na kwa mtu mzima sina neno nayo. Lakini asali, hata iliyo safi ya kutoka mzingani, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo ndani ya utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja huchipuka na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto anafunga choo, kilio kinafifia, anashindwa kunyonya, na mwisho anashindwa kupumua. Ugonjwa huo ni nadra, lakini ukimpata wako hautakuwa nadra kwako. Kuichemsha hakuviui vijidudu hivyo.

Ndimu na chumvi vinachoma penye kidonda. Hakuna zaidi ya hapo.

Mkilifi una sifa nyingi hapa pwani, na wengi wetu tumeunywa kwa homa tukiwa wakubwa. Kwa mtoto mchanga usimpe, si maji yake wala mafuta yake. Mafuta ya mkilifi yamewahi kuwaletea watoto wadogo kutapika, kusinzia kupita kiasi na hata degedege. Tena mtoto wa wiki tano hahitaji kitu chochote tumboni zaidi ya maziwa yako na dawa aliyoandikiwa. Na kabla hujaniuliza kuhusu mafuta ya nazi: ni kweli kwamba kwenye maabara yameonekana kuzuia kandida isikue, ila chupa ya maabara na kinywa cha mtoto ni vitu viwili. Mafuta ukiyamimina kinywani mwa mchanga yanaweza kuteremkia mapafuni.

Dawa yenyewe ni nistatini ya maji. Nenda kliniki unakompeleka mtoto kwa chanjo, waangalie kinywa chake na wakuandikie. Kipimo cha kawaida cha mchanga ni mililita 1 mara nne kwa siku, kwa siku 7. Kazi kubwa iko kwenye namna ya kuiweka. Tikisa chupa vizuri, maana dawa hujikalia chini. Mpe baada ya kunyonya, si kabla, kwa sababu inaponya kwa kugusa mabaka, na akinyonya papo hapo inasombwa yote. Tia nusu upande huu wa shavu na nusu upande wa pili kwa kile kitone chake, kisha kwa kidole kisafi ipake juu ya kila baka. Akimeza hakuna ubaya. Mabaka yakiondoka siku ya tatu usiifiche chupa kabatini, endelea mpaka siku zitimie.

Ukiambiwa hakuna nistatini, wanaweza kukupa ile dawa ya zambarau, jentiani. Ya kinywani huwa imezimuliwa mpaka asilimia 0.25. Usinunue ya kupaka ngozini ukamtia mtoto kinywani. Ile ni kali na inaweza kumtoa vidonda. Ukiuzwa jeli ya mikonazoli, mwambie muuzaji umri wa mtoto. Jeli hiyo ni nzito na haifai kwa aliye chini ya miezi minne, kwa sababu inaweza kumkaba kooni.

Na wewe utibiwe siku hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mtoto anapewa dawa, mama anaachwa, na wiki mbili baadaye wamerudi vilevile kwa sababu wanaambukizana. Waonyeshe chuchu zako, uandikiwe malhamu ya kupaka kila baada ya kunyonyesha. Ikiwa bado inaonekana wakati wa kunyonyesha tena, ipanguse kwanza. Acha titi likauke kwa hewa kabla ya kulifunika. Joto letu hili na jasho la kutwa ndiyo hali fangasi inayoipenda. Sidiria na leso unazojifunga kifuani zifue kwa maji ya moto na uzianike juani. Kama mtoto ana chuchu ya plastiki, ichemshe kila siku dakika 20. Usiache kunyonyesha. Ikikuuma sana, anzia upande wenye nafuu.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo mtoto akikataa titi kabisa, akikojoa kidogo mno, au akipata homa. Kwa umri wake homa haingojwi asubuhi. Na siku 7 zikipita bila nafuu, au ikiondoka na kurudi tena na tena, mrudishe achunguzwe kwa undani, pamoja na kipimo cha virusi vya ukimwi kwako na kwake. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu kujua mapema kunamwokoa mtoto.

Mamamkwe usimvunjie heshima. Mwambie nesi amekataza asali mpaka mjukuu atimize mwaka, lawama niachieni mimi.

*Bi Nesi, heshima zako. Baba yangu ana miaka 71, ana pumu na anavuta pampu asubuhi na usiku. Pia ana meno ya bandia ya juu. Sasa analalamika kinywa kinamwaka, hata viazi karai na ukwaju hali tena, na pembe za mdomo zimepasuka. Amekuwa akisukutua kwa maji ya karafuu.*
*Kijana wa Likoni*

Kijana wangu, muulize mzee jambo moja kwa adabu: akimaliza kuvuta pampu, husukutua maji na kuyatema? Kuna pampu zenye dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu, na masalia yake yakibaki kinywani yanaidhoofisha kinga ya hapo na kuifungulia fangasi mlango. Asiiache pampu, ndiyo inayomfanya apumue. Asukutue tu kila mara na kutema, na amuulize daktari kuhusu kile kichupa cha plastiki cha kuunganisha na pampu, kinapunguza dawa inayobaki mdomoni.

La pili ni meno. Nina hakika analala nayo. Wazee wengi hulala nayo kwa kuona haya. Ayatoe usiku, ayasugue kwa brashi na sabuni, ayaloweke. Ukitazama juu ya kaakaa lake, huenda ukaona wekundu ulioishia pale pale meno yanapoishia, hata kama hakuna cheupe chochote.

Kwa kutuliza, maji ya vuguvugu ya chumvi yanafaa: nusu kijiko cha chai kwenye bilauri moja, asukutue, ateme. Bikaboneti ya soda ya kuokea keki inafaa vilevile kwa kipimo hicho hicho, ila si magadi ya kuivishia maharage, hayo ni makali. Havitaiondoa fangasi, vinapunguza kuwaka tu. Maji ya karafuu yaliyopoa hayana kisa, lakini mafuta ya karafuu yasiguse mahali palipochubuka.

Atahitaji dawa ya kuandikiwa. Kama anameza dawa ya kuzuia damu isigande, aitaje kabla ya kupewa jeli ya mikonazoli, zikikutana anaweza kuvuja damu. Na kama ana maji ya kusukutulia ya klorheksidini, asiyatumie kwa pamoja na nistatini, moja inaiharibu nyenzake. Siku hiyo hiyo apimwe sukari. Fangasi kinywani kwa mtu wa umri wake mara nyingine ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari.

*Sista, nilimeza amoksilini ya kununua dukani kwa ajili ya koo, mara mbili mwezi huu. Sasa ulimi ni mweupe na mate mazito. Nilisoma kwamba ni dalili ya ukimwi na silali.*
*Mwenye Hofu, Changamwe*

Ndugu yangu, tulia. Antibayotiki huua na bakteria wema wanaoizuia kandida, kwa hiyo dozi mbili za mfululizo zinatosha kuieleza. Makoo mengi ni ya virusi na amoksilini haiyasaidii. Usinunue ya tatu. Pia ulimi huweza kuwa mweupe kwa ukavu tu, hasa kwa mvutaji wa sigara au mtafunaji muguka. Kunywa maji, sugua ulimi kwa mswaki mlaini, punguza soda na vitu vya sukari. Maziwa mala yasiyotiwa sukari ni chakula kizuri, kunywa, ila usiyahesabu kuwa dawa.

Utando usipoondoka ndani ya wiki, onyesha kinywa chako kwa daktari. Ukianza kuumia unapomeza, usingoje hiyo wiki, maana huenda imeshuka kooni na hapo hutakiwi dawa ya kusukutua bali ya kumeza.

Na kapime. Sikuambii hivyo kwa sababu ulimi wako umenionyesha kitu, maana ulimi peke yake hausemi. Nakuambia kwa sababu hulali. Katika vituo vya afya vya serikali kipimo ni bure, unatobolewa kidole na majibu unayangoja pale pale, chini ya nusu saa.