Wadogo zangu wa projekti za bata, msirudie ujinga wangu

Mnaoanza projekti za tabia za wanyama hapa Dodoma naona wengi mmechagua vifaranga vya bata, safi, ila mnisikilize maana mimi kazi yangu niliirudia yote upya. Yule Konrad Lorenz wa Austria na mabata bukini wake tunamkariri vizuri tu, kitu cha kwanza kinachotembea mbele ya kifaranga ndo mama, mtihani tunapita. Bandani sasa!

Anza na siku za yai kutotolewa. Vitabu vingi vinakwambia bata siku 28, hawa wetu wenye vinundu vyekundu usoni wanaenda mpaka 35 hivi, we ukipanga ratiba kwa 28 utashinda unachungulia mashine ya kutotolea wiki nzima na hapo ndo unapoharibu. Mimi nilikuwa nafungua kila saa, narekodi video, miguuni gambuti nyeupe sababu sakafu ilikuwa imelowa. Siku ya jaribio naburuta kwa kamba boksi langu la bluu, ndo nililotaka walifuate kama mama, hakuna hata mmoja aliyelitazama, wote wako nyuma ya gambuti. Msimamizi wangu alicheka mpaka akakaa chini. Na ukifungua ovyo unyevu unatoka, kifaranga anagandia kwenye ganda.

Mtafiti Hess, kule Marekani, mwaka 1959 alionyesha kwamba kwa bata mwitu huo mvuto wa kushika kitu kama mama unakuwa mkali zaidi saa 13 mpaka 16 baada ya kutotolewa. Kwa hiyo andika saa ya kila kifaranga, sio "walitoka Jumanne", halafu mweke gizani mpaka zamu yake ifike.

Halafu kelele jamani. Mtafiti Gilbert Gottlieb alikuta kifaranga cha bata kinasikia kikiwa bado ndani ya yai, na sauti yake mwenyewe humo ndani inamsaidia kuja kuutambua mlio wa mama. Mashine yangu ilikuwa ukutani kwa mlinzi, singeli mpaka alfajiri, sasa data zile unazitetea vipi?

Kuna watakaokwambia wanafuata sababu ya chakula. Mwanzoni hata hajala kitu, bado anaishi kwa kiini cha yai, na anafuata hivyohivyo.

Pa kuwapeleka baadaye tafuteni mapema. Wangu niliwapeleka kwa shangazi Chamwino, wiki haijaisha kanipigia, "we mtoto, bata wako wameondoka na muuza maziwa." Nikamuuliza, kavaa nini miguuni?