Je, Sayansi Imemaliza Mjadala wa Mapenzi ya Jinsia Moja?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mwanangu yuko chuo kikuu. Ameniambia anavutiwa na wanaume wenzake, na eti sayansi imethibitisha watu huzaliwa hivyo. Akina mama wa kikundi chetu nao wanasema utafiti umeonyesha ni malezi, na kwamba maombi ya kumfungua yatamaliza mambo. Nimwamini nani? Mama wa Umoja, Nairobi.

JIBU: Amina, Mama. Pole kwa kukesha.

Wote wameitwika sayansi mzigo isioweza kuubeba. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu zaidi ya 470,000. Haukupata jeni moja ya ushoga. Ulikuta jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo mno, na huwezi kupima damu ya kijana ukajua atampenda nani. Malezi nayo hayajathibitishwa kuwa chanzo, kwa hiyo acha kujihukumu.

Kuhusu mvuto huo kubadilika, hapo kanisa lina deni. Robert Spitzer, daktari wa akili wa Marekani, alichapisha mwaka 2003 utafiti uliodai kwamba wengine hubadilika. Wahubiri tuliubeba kama Maandiko. Mwaka 2012 yeye mwenyewe alikiri kwamba hauthibitishi hilo, akaomba radhi. Mwaka uliofuata Exodus International, shirika la Kikristo lililojaribu kuwabadilisha watu hivyo tangu 1976, likafunga milango, na kiongozi wake akawaomba radhi waliojeruhiwa.

Mimi bado naamini ndoa ni ya mume na mke, kama Bwana alivyosema katika Mathayo 19. Sikuipata imani hiyo maabara, na maabara haiwezi kuniondolea. Hata chanzo cha mvuto kikijulikana kesho, swali la tendo lipi ni halali litabaki pale pale, kwenye Neno. Ila Neno hilo hilo linasema, "Usimshuhudie jirani yako uongo." Utafiti unatusaidia hapo hasa, Mama: unatuzuia kusema uongo juu ya watu tusiowajua.

Nilishausema uongo huo. Miaka iliyopita nilihubiri kwamba vijana hawa ni matunda ya baba asiyekaa nyumbani. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alibaki kwenye benchi, kofia mkononi, mpaka watu wakaisha. Akaniuliza, "Mchungaji, mimi niliondoka nyumbani lini?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha pale pale, na Jumapili iliyofuata nikawaomba waumini wote.

Waambie akina mama wasije na maombi ya kufukuza pepo. Mwombee mwanao kama ulivyomwombea siku zote: masomo, afya, imani yake. Mpigie simu leo, umuulize kama amekula, kisha umwache aongee bila kumkatiza. Akija nyumbani wikendi, njooni kanisani pamoja, mkae benchi moja.