P7, kasi mbili hazigawanywi kwa mbili

Wanangu mlioingia P7, darasa la saba la shule ya msingi hapa Uganda, kila muhula madaftari yanarudi na makosa yaleyale ya hesabu za safari. Yanaumiza kwa sababu anayeyafanya mara nyingi ni mtoto anayejua kuzidisha na kugawa vizuri kabisa.

1. Kasi ya wastani. Chukueni swali la kawaida la Sehemu B ya mtihani: teksi imetoka Kampala kwenda Jinja, kilomita 80, kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, ikarudi kwa kilomita 80 kwa saa. Wengi wanaandika 40 + 80 = 120, wanagawa kwa 2, wanapata 60 na kuipigia mstari. Si sahihi. Rudini kwenye muda. Kwenda ni 80 ÷ 40, saa 2. Kurudi ni 80 ÷ 80, saa 1. Umbali wote kilomita 160, muda wote saa 3, basi kasi ya wastani ni 160 ÷ 3, yaani 53⅓. Mbona si 60? Kwa sababu dereva alikaa saa mbili katika mwendo wa polepole na saa moja tu katika mwendo wa haraka, kwa hiyo ule wa polepole unauvuta wastani upande wake. 60 ingekuwa sahihi kama angetumia muda sawa kwa kila kasi. Hapa kilicho sawa ni kilomita.

Swali likiongeza kwamba teksi ilingoja abiria Jinja kwa saa 1, na likauliza kasi ya wastani ya safari nzima, saa hiyo nayo inaingia: 160 ÷ 4 = 40. Hapo ndipo mnapobisha, gari limesimama, vipi lihesabiwe? Gari lilisimama, saa ya ukutani ikaendelea. Andikeni kila mara umbali wote, muda wote, kisha mgawanyo, hata kama jibu mmeshaliona kichwani. Hatua zina alama zake. 60 iliyoandikwa peke yake haina cha kuokolewa.

2. Dakika. Saa 2 na dakika 40 ni saa 2⅔. Si 2.40, tafadhali. Ukikopa saa moja unapotoa, umekopa dakika 60, si 100.

Na kwa safari za mchana mna msaada mlioupata nyumbani, kwa Kiswahili na kwa Luganda pia. Basi limeondoka 7:45 a.m., likafika 1:15 p.m. Wengi hukwama pale saa inapovuka adhuhuri. Lisomeni kwa saa zetu: limeondoka saa 1:45, limefika saa 7:15. Toeni moja kwa moja, saa 5 na dakika 30. Kwenye karatasi andikeni muda kama swali lilivyouandika.

3. Kuifanya namba iwe kamili ni kazi ya mwishoni. Gari linatumia lita 1 kwa kilomita 12, safari ya Masaka kwenda na kurudi swali limeipa kilomita 260, lita ni shilingi 5,400. 260 ÷ 12 ni 21⅔. Ukikimbilia 22 hapo katikati, unapata 118,800, wakati jibu ni 117,000. Shilingi 1,800 zimetoka hewani. Lakini swali likiuliza dereva anunue lita ngapi kamili ili asiishiwe njiani, ni 22, na ingekuwa 22 hata kama hesabu ingetoa 21.1, maana lita 21 zingemwacha barabarani.

4. Mita kwa sekunde kwenda kilomita kwa saa: zidisha kwa 18, gawa kwa 5. Mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa.

5. Kabla ya kugusa kalamu, kadiria. Kampala hadi Mbarara ni karibu kilomita 270. Kwa kasi ya 60 ni saa nne na nusu. Daftari likisema saa 45, nukta imehama, irudishe mahali pake kabla hujaanza swali linalofuata.